Chungu Kimoja kwa Nyumba Nzima

Mtu mzima anaporudi kutoka hospitali na habari kwamba ana kisukari, nyumba nyingi huongeza sufuria ya pili jikoni. Ni sufuria ndogo, ya mgonjwa. Humo huchemshwa mchicha usio na kiungo, ndizi mbichi, pengine ugali kidogo wa ulezi, wakati wengine wanapikiwa wali wa nazi na mchuzi wa kibua. Wiki za mwanzo sufuria hiyo huheshimiwa. Kisha mpishi anachoka kupika mara mbili, mkaa unakwisha kabla ya siku yake, na mgonjwa mwenyewe anachoka kula peke yake huku harufu ya nazi ikimfikia alipo. Kabla mwaka haujaisha amesharudi kwenye sinia, anakula alichokuwa akila zamani, safari hii kwa kujificha na kwa aibu.

Kijitabu hiki kinashauri njia nyingine. Kisukari ni ugonjwa wa maisha. Mtu anayegundulika akiwa na miaka 45, akijaliwa kufika 75, atakuwa amekula zaidi ya milo 30,000 tangu siku hiyo, na hakuna binadamu awezaye kula milo 30,000 ya adhabu. Kwa hiyo kibadilike chungu cha wote: chakula kilekile, cha soko lilelile, kwa vipimo vipya, kiliwe na baba, mama, bibi na watoto.

Kilo zinazorudi

Katika kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho kinachowapata watu wazima wengi, kongosho bado linatoa insulini, ila mwili hauitikii sawasawa, na miaka ikipita kongosho lenyewe linaelemewa. Mafuta yanayojazana tumboni, hasa ndani ya ini na kongosho, yanachangia sana hali hiyo. Ndiyo maana mtu mwenye kilo 90 akipunguza kilo 5 hadi 9 tu, sukari na shinikizo la damu huweza kushuka, hata kama watu wa nje hawajaona tofauti.

Huko Uskoti na Tyneside, Uingereza, madaktari walilijaribu jambo hili kwa nguvu kubwa katika utafiti uitwao DiRECT. Watu waliokuwa wameishi na kisukari kwa muda usiozidi miaka 6 walipewa supu na vinywaji maalumu vya unga, kama kilokalori 850 kwa siku, kwa miezi 3 hadi 5, kisha wakarudishwa polepole kwenye chakula cha kawaida. Matokeo yalitangazwa mwaka 2017. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 46 walikuwa na sukari iliyo chini ya kiwango cha kisukari bila kutumia dawa za kisukari. Kati ya waliopunguza kilo 15 au zaidi, waliofikia hali hiyo walikuwa asilimia 86. Habari hiyo ilistahili shangwe iliyoipata. Lakini mwaka wa pili asilimia 46 ikawa 36, na miaka iliyofuata ikazidi kupungua, kwa sababu kilo zilirudi.

Mwili haupendi kupungua. Mtu anapokonda, njaa huongezeka na mwili hutumia nishati kidogo kuliko zamani, kwa hiyo asiye na namna ya kula inayokalika atarudi alikotoka hata akiwa na moyo wa chuma. Utafiti mwingine, uliofanywa na Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na kutolewa mwaka 2018, uliwafuatilia kwa mwaka mmoja watu 609 wenye uzito mkubwa wasio na kisukari. Nusu walipunguza mafuta, nusu walipunguza wanga. Wa kwanza walipungua wastani wa kilo 5.3, wa pili kilo 6.0, tofauti ndogo mno kuweza kutangaza mshindi. Makundi yote mawili yalikuwa yameambiwa waache sukari ya kuongeza na unga uliokobolewa, wale mboga kwa wingi, na wapike nyumbani. Kwa mwenye kisukari, kupunguza wanga kunashusha sukari baada ya mlo, hilo halina ubishi. Anayeweza kuishi bila ugali na akaridhika, daktari wake akijua, na aendelee. Wengi hawawezi, na kuwalazimisha ni kuwarudisha kwenye ile sufuria ndogo.

Robo kilo ya unga

Mwaka 1989 Donald McLarty na wenzake, waliokuwa wakifanya kazi Muhimbili, walichapisha matokeo ya kupima wanavijiji katika vijiji 6 vya Tanzania: wenye kisukari walikuwa chini ya asilimia 1. Mwaka 2012 uchunguzi wa kitaifa wa watu wenye miaka 25 hadi 64 ulikuta asilimia 9.1. Vipimo havikufanana na umri wa waliopimwa haukuwa mmoja, hivyo namba hizo hazilinganishwi moja kwa moja, lakini anayeishi Dar es Salaam, Mwanza au Mombasa hahitaji namba kujua kwamba mambo yamegeuka. Na wanavijiji wale walikula ugali. Walilima kwa jembe, walitembea kwa miguu, na soda ilikuwa ya sikukuu. Ugali haukuwa adui wao. Shida ni kwamba mtu anayekaa dukani kutwa, akarudi nyumbani kwa bodaboda, bado anapakuliwa ugali wa mkulima.

Hesabu yake ni rahisi. Katika nyumba nyingi kilo moja ya unga ni ya watu wanne, yaani gramu 250 kwa kila mmoja. Katika gramu 100 za unga wa mahindi, wanga ni gramu 75 hivi. Kila mlaji basi anapata zaidi ya gramu 180 za wanga kwa mlo mmoja, na wanga huo wote utaishia kuwa sukari ndani ya damu. Dona ni bora kuliko sembe kwa sababu ina nyuzinyuzi na virutubisho vilivyobaki kwenye ganda na kiini cha mahindi. Mtama na ulezi navyo ni vizuri. Lakini lile neno linalosemwa sana, kwamba ugali wa dona au wa mtama "haupandishi sukari", si kweli. Unapandisha. Mtu akila mlima wa dona atapanda mlima wa sukari.

Kipimo ni mkono wa mlaji mwenyewe. Ugali au wali usizidi ngumi yake. Samaki, kuku, nyama au mayai yawe kiasi cha kiganja, bila vidole. Mboga za majani na mboga nyingine zisizo na wanga mwingi zijaze nusu ya sahani: mchicha, matembele, kisamvu, majani ya maboga, mlenda, bamia, nyanya chungu, biringanya, kabichi. Maharage, kunde, choroko na mbaazi zina wanga, lakini zina protini na nyuzinyuzi nyingi, na sukari yake huingia kwenye damu taratibu. Kwa pesa za nyumba ya kawaida hakuna kitoweo kizuri kuliko hizo, pamoja na dagaa. Viazi vitamu, muhogo, magimbi na ndizi mbichi zihesabiwe upande wa ugali. Watu wengi huziweka kwenye fungu la mboga, wakala wali na viazi pamoja wakidhani wamechanganya lishe.

Lakini pwani wengi hawali kwenye sahani. Wanakula kwenye sinia moja, na ushauri wa kugawa sahani mafungu manne hauwafikii. Hapo kinachobadilika ni sinia lenyewe. Wali utandazwe mwembamba pembeni, mboga na samaki viwekwe vingi katikati, karibu na kila mkono, na kachumbari ije kwenye sinia la pili badala ya kibakuli kimoja cha mapambo. Wote waanze na mboga na samaki, wali ufuate. Mpangilio huo peke yake husaidia sukari ipande polepole. Asiyeweza kujizuia mbele ya sinia apakuliwe kwenye sahani yake, akae palepale na wenzake, ale chakula kilekile.

Chai, soda na dumu la mafuta

Chupa ya soda ya mililita 300 ina sukari kama gramu 32, sawa na vijiko 8 vya chai. Anayekunywa chai vikombe 3 kwa siku, vijiko 3 kila kikombe, amepita hapo bila kugusa soda. Kuacha ghafla huwashinda wengi. Kupunguza nusu kijiko kila wiki huwezekana, kwa kuwa ulimi huzoea, na tangawizi, iliki na mdalasini hufanya chai isipooze. Juisi ya embe au ya miwa, hata ikikamuliwa mbele ya macho ya mnywaji, ni sukari bila nyuzinyuzi. Tunda lenyewe, moja na la ukubwa wa wastani, ni salama zaidi kuliko glasi ya juisi yake. Asali ni sukari pia, hata ile ya Tabora iliyo safi kabisa.

Mafuta hayapandishi sukari papo hapo, ila yanabeba uzito. Kijiko kimoja kikubwa kina kilokalori 120 hivi. Mpishi anayemimina kutoka kwenye dumu hawezi kujua ametia vijiko vingapi. Anayepima kwa kijiko anajua, na akipunguza kidogo kidogo hakuna atakayelalamika. Mboga za nazi zipikwe kwa tui jepesi, lile zito libaki kwa siku maalumu. Chipsi, maandazi na sambusa viwe vya nadra kwa kila mtu, watoto wakiwamo.

Kipimo kama mwalimu

Mwenye mashine ya kupima sukari nyumbani ana kitu ambacho hakuna kijitabu kinachoweza kumpa: jibu la mwili wake mwenyewe. Apime kabla ya kula, kisha saa 2 baada ya tonge la kwanza. Kwa wagonjwa wengi, kinacholengwa ni 4.4 hadi 7.2 mmol/L kabla ya mlo, na chini ya 10 baada yake, ingawa daktari anaweza kumwekea mzee au mwenye maradhi mengine lengo tofauti. Stripu ni ghali, kwa hiyo zisitawanywe ovyo. Jumapili hii apime ugali wa ngumi moja na maharage, Jumapili ijayo wali na samaki, nyingine chapati. Mwezi ukiisha atakuwa na daftari lenye vyakula vyake, si vya mtu mwingine. Kutembea dakika 10 hadi 15 baada ya kula nako kunaonekana kwenye mashine, kwani misuli inayofanya kazi huchukua sukari kutoka kwenye damu.

Kuna kikwazo ambacho mashine haikioni. Mtu akianza kupungua, majirani huuliza. "Shemeji, mbona umekonda hivyo, unaumwa?" Wengine hawaulizi, wananong'ona UKIMWI. Mume anaambiwa hamlishi mkewe. Kitambi kimekuwa alama ya neema kwa muda mrefu, na maneno hayo yamewarudisha watu wengi kwenye sahani iliyojaa. Ni vyema nyumba iwe na jibu moja lililokubaliwa: "Tunapunguza sukari, daktari amefurahi." Likisemwa na mke, mume na watoto kwa namna ileile, maswali huisha. Hata hivyo, anayepungua bila kujaribu, huku akiwa na kiu kali na kukojoa mara kwa mara, hapaswi kupongezwa. Apimwe sukari siku hiyohiyo.

Harusi, Ramadhani na siku ya hatari

Pilau ya harusi iliwe. Mtu akila ngumi moja na nusu ya pilau, nyama na kachumbari, akaacha soda akanywa maji, hajaharibu kitu, na kesho anaendelea na chungu cha nyumbani. Ramadhani inahitaji maandalizi zaidi, kwa sababu meza ya futari mara nyingi ni wanga juu ya wanga: tende, uji, viazi, magimbi, tambi, kaimati. Tende moja au mbili, maji, supu ya samaki au maharage, kisha kitu kimoja cha wanga, vinatosha. Daku isiachwe.

Anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamidi asifunge, asiruke mlo wala asipunguze wanga kwa kiasi kikubwa kabla ya kuonana na daktari, maana dawa ileile ikikuta chakula kidogo inaweza kuiangusha sukari. Dalili ni kutetemeka, jasho jembamba, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa. Kipimo kikiwa chini ya 4, au mashine ikikosekana na dalili zipo, apewe vijiko 3 hadi 4 vya sukari kwenye maji au nusu glasi ya soda yenye sukari. Baada ya dakika 15 apimwe tena. Ikiwa sukari bado iko chini, apewe tena. Aliyefunga afungue papo hapo. Aliyepoteza fahamu asitiwe kitu chochote kinywani, apelekwe hospitali mara moja.

Wajawazito, watoto wenye kisukari cha aina ya kwanza na wenye maradhi ya figo wanahitaji mpango wao kutoka kwa mtaalamu wa lishe. Vipimo vya ngumi na kiganja haviwatoshi. Kwa wengine wote, siku ya kliniki mgonjwa afuatane na yule anayepika, pamoja na lile daftari la Jumapili. Waulize mambo matatu: ni dawa gani kati ya hizi inayoweza kushusha sukari kupita kiasi, je dozi ipunguzwe sasa kwa kuwa uzito umeanza kushuka, na ni lini atapimwa HbA1c, kile kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3.