Pumua pole pole, macho yakiwa wazi: somo kwa aliyepatwa na kiwewe

Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, mwendo wa saa tano na nusu, lori lililobeba gesi lililipuka eneo la Mradi, Embakasi. Zaidi ya watu 200 walijeruhiwa na nyumba, maduka na magari yakateketea. Miezi michache baadaye, mwishoni mwa Aprili, Mto Mathare ulivunja kingo zake na kuingia katika nyumba za watu wakiwa wamelala. Wakazi wa Huruma nao hawajasahau tarehe 29 Aprili 2016, jengo la ghorofa lilipoporomoka wakati wa mvua kubwa na kuua watu wapatao 50.

Tumezoea kuhesabu waliofariki na waliolazwa. Somo la toleo hili ni la wale ambao hawakuhesabiwa, waliotoka bila hata mkwaruzo. Mtu wa namna hiyo anaweza kuwa anakaanga vitunguu jioni, jirani afungue mtungi wa gesi, na ghafla ajikute yuko nje kwenye ngazi, moyo unadunda, viganja vimelowa jasho. Mwingine hapati usingizi kila mvua ikigonga mabati. Majirani husema amekuwa mwoga, au amerogwa, au anajifanya. Hapana. Mwili wake umejifunza hatari, na unamwonya hata pale ambapo hatari haipo.

Mwili ukihisi hatari, moyo huenda mbio, misuli hukaza na pumzi hupanda juu kifuani, fupi fupi. Hiyo ni kazi nzuri kama unakimbia moto. Shida ni pale king'ora hicho kinapolia kila siku. Huwezi kuuamuru moyo upunguze mwendo, lakini pumzi unaweza kuiongoza, na moyo huifuata. Unapovuta hewa mapigo huongezeka kidogo, unapoitoa hupungua. Ndiyo sababu siri yote iko katika kutoa pumzi taratibu. Wengi tumefundishwa kinyume chake: mtu akishtuka tunamwambia "vuta pumzi kubwa!" Akivuta nyingi nyingi kwa haraka, kichwa humzunguka, vidole humfa ganzi, na hofu inaongezeka.

Jambo hili limejaribiwa hapa hapa Nairobi. Shirika la Afya Duniani lina mpango uitwao Problem Management Plus, wa vikao vitano, na kikao cha kwanza hufundisha kupumua pole pole. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulihusisha wanawake 421 wa jiji hili, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili wa kijinsia. Waliowafundisha hawakuwa madaktari. Walikuwa wahudumu wa afya wa jamii waliopewa mafunzo na kusimamiwa. Miezi mitatu baadaye, wanawake waliopitia vikao hivyo walikuwa wamepungukiwa na dhiki ya moyo kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida. Tusiipambe sana habari hii: tofauti haikuwa kubwa ajabu, na kupumua kulikuwa sehemu moja tu. Vikao pia vilihusu kutatua matatizo ya kila siku, kurudia shughuli zilizoachwa na kutafuta watu wa kuwategemea.

Sasa tufanye. Chagua saa ambayo umetulia, si katikati ya hofu; ni kama kujifunza kuogelea, hakuna anayeanzia penye kina. Keti mahali unapoona mlango. Acha macho wazi, uyatulize kwenye kitu kimoja, hata kama ni sufuria. Sikia nyayo zako zikigusa sakafu. Weka mkono tumboni ukipenda. Toa kwanza hewa iliyomo, polepole, kama unayepoza uji kwenye kijiko. Kisha iache hewa iingie kwa pua huku ukihesabu moja, mbili, tatu, tumbo lijae kidogo. Itoe tena kwa hesabu ya nne au tano. Usiizuie kifuani. Fanya mara tano, kisha uangalie chumba na ujiulize: nikoje? Kama ni afadhali, endelea dakika mbili tatu. Kama si afadhali, acha.

Neno hilo "acha" ndilo ninaloomba walimu wa mazoezi, viongozi wa dini na wakufunzi wa vijana walichukulie kwa uzito. Kuna kanda nyingi kwenye simu zinazomwambia mtu afumbe macho, azuie pumzi, aingie ndani ya maumivu yake. Kwa aliyenusurika moshi, kuzuia pumzi ni kurudi ndani ya moshi. Kwa aliyeshambuliwa, kufumba macho chumbani na watu asiowajua si mapumziko hata kidogo. Mimi mwenyewe nilijaribu kanda moja baada ya wiki mbaya kazini, nikaizima kabla ya dakika ya pili, na sikuwa nimepitia lolote la kulinganishwa na Mradi. Mwenye pumu au ugonjwa wa moyo aanze kwa kumwuliza mhudumu wa afya.

Kwa hiyo ukimwongoza mwenzako, muulize kwanza kama anataka. Usimguse bila ruhusa. Usimlazimishe kusimulia yaliyotokea. Miongozo ya huduma ya kwanza ya kisaikolojia inakataza kumshurutisha mtu kueleza tukio. Na kama pumzi yenyewe inamtisha, iacheni kabisa. Mwambie ataje vitu vitano anavyoviona, asikilize makanga wanavyoita abiria huko nje, ashike kikombe cha chai ya moto kwa mikono miwili. Lengo ni mwili ujue kwamba leo ni leo, na yuko mahali salama.

Ni lazima pia tuseme wazi: pumzi hailipi kodi ya nyumba, wala haimrudishii mtu aliyempoteza mtoto wake. Kama bado unaishi na anayekupiga, hofu yako inakwambia ukweli, na dawa yake si kuituliza bali kupata usalama. Piga 1195, bila malipo, kwa msaada wa ukatili wa kijinsia. Kwa mtoto, piga 116.

Kama usingizi umepotea kwa wiki kadhaa, kama huwezi kwenda kazini, kama pombe imekuwa ndiyo dawa, hapo unahitaji mtu. Anza na mhamasishaji wa afya ya jamii wa mtaa wako, yule anayepita na mkoba nyumba kwa nyumba. Atakuelekeza kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Unaweza pia kwenda Mama Lucy Kibaki au Hospitali ya Kitaifa ya Mathari iliyo kando ya Barabara ya Thika. Msalaba Mwekundu wa Kenya hupokea simu bila malipo kwa 1199.

Na aliyefikiria kujiua asifiche kwa kuogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Usimwache peke yake mtu aliyekwambia neno hilo. Keti naye, pigeni simu pamoja, na mkienda kituoni ingia naye hadi ndani.