Msongamano wa Samaki na Matumizi ya Nishati Mwilini

Bwawa lililojaa samaki si lazima liwe bwawa lenye kitoweo kingi. Wafugaji wengi wa perege wameliona jambo hilo: samaki huongezeka kwa idadi, lakini kila mmoja hudumaa. Sababu yake yafaa kufahamika katika kijiji cha bara kama Mbesa, mkoani Ruvuma, ambako bwawa dogo la shule laweza kuwapa wanafunzi kitoweo na somo pamoja.

Umetaboli ni jumla ya mabadiliko ya kikemikali yanayoupa mwili nishati na kuujenga. Kasi yake hukadiriwa kwa kupima oksijeni inayotumiwa. Mwaka 1932 Max Kleiber alionyesha kwamba kasi hiyo haiongezeki sawasawa na uzito wa mnyama, bali hufuata takriban uzito uliopandishwa kwa kipeo cha 3/4. Kwa kanuni hiyo, perege wa gramu 160 ni mzito mara 16 kuliko wa gramu 10, lakini hutumia nishati mara 8 tu. Basi samaki 16 wa gramu 10 hutumia nishati maradufu ya samaki mmoja wa gramu 160, ingawa uzito wao ni sawa. Kwa samaki kipeo hutofautiana kidogo, lakini mwelekeo ni uleule: katika bwawa la vidagaa, sehemu kubwa ya chakula huishia katika kuendesha uhai, na kidogo hubaki kwa ajili ya kukua.

Ushindani huzidisha hasara. Wenye nguvu huwafukuza wanyonge. Mnyonge hutoa homoni za hofu, na nishati yake hupotea katika kukimbia. Chakula kikikosekana kwa muda mrefu, mwili hubana matumizi na kasi ya umetaboli hushuka. Hivyo ugomvi huipandisha kasi, na njaa huishusha. Katika hali zote mbili samaki hanenepi.

Sheria hii haiishii majini. Sotoka ilipotoweka miongoni mwa nyumbu wa Serengeti mwanzoni mwa miaka ya 1960, idadi yao ilipanda kutoka kama 250,000 mwaka 1961 hadi zaidi ya 1,000,000 mwaka 1977. Kisha ongezeko likasimama, kwani majani ya kiangazi hayakuwatosha wote. Nyumbu mwenye njaa huyatumia mafuta ya mwili wake, na mwishowe hata yaliyomo katika uboho wa mifupa.

Nyumbu hupunguzwa na njaa. Mfugaji aweza kutumia akili. Hupanda vifaranga kama 2 kwa kila mita mraba, huchagua madume peke yao, au huweka kambale wachache wale vifaranga wanaozaliwa.

JARIBIO. Chukua vyombo viwili vyenye maji ya kiasi na joto sawa. Weka perege mdogo mmoja katika chombo cha kwanza, na wanne wa ukubwa huohuo katika cha pili. Waache watulie, kisha hesabu mara ngapi kifuniko cha matamvua ya samaki mmoja hufunguka kwa dakika moja. Rudia mara tatu, kisha warudishe bwawani.

MASWALI
1. Kwa nini joto la maji lazima liwe sawa?
2. Kwa nini samaki wa bwawa lililosongamana huhema juu ya maji alfajiri?
3. Kwa kanuni ya Kleiber, samaki 81 wa gramu 2 hutumia nishati mara ngapi kuliko samaki mmoja wa gramu 162?