Dondoo muhimu: Shanga zisizokatika

Katika karne ya 19 wafanyabiashara Wakamba walipeleka pembe za ndovu Mombasa na kurudi Ukambani na shanga. Ufundi wa kutunga shanga hizo unastahili kuendelezwa, na huanza kwa macho kabla ya sindano.

Mimina shanga juu ya kitambaa cheupe, uzichambue. Zenye ukingo mkali zitupe. Ndizo zinazokata uzi. Namba ya ukubwa ikipanda, shanga huwa ndogo zaidi: namba 11 ni kama milimita 2, namba 8 kama milimita 3. Mwanafunzi aanze na 8.

Uzi wa nailoni upake nta ya nyuki (Kitui na Makueni wafugaji wa nyuki si haba). Hautafumuka upesi wala kujisokota. Uzi mrefu kupita kiasi hufunga mafundo.

Nunua shanga za kila rangi za kazi nzima kwa mara moja, kwani wekundu wa pakiti mbili hutofautiana. Sugua punje chache kwa pamba yenye maji. Zikitoa rangi, ziache.

Ukikwama kupata ruwaza, mwombe nyanya mkanda wake wa shanga wa zamani. Hesabu shanga safu kwa safu, uchore kwenye daftari la miraba, na umuulize ulivaliwa lini.