SOMO: KINANDA KINAPOCHELEWESHA KWAYA

Masomo: 1 Wakorinto 14:7-8, 2 Wafalme 3:15



Mtume Paulo anafundisha kwamba chombo kisichotoa sauti ya wazi hakimsaidii mtu. Tuliona jambo hilo hapa kwetu Kimemi, kwenye kinanda cha umeme.

Miezi mingi kwaya ilibaki nyuma ya ngoma. Waimbaji walisema kijana wa ngoma anakimbia juu ya kiburi. Mimi shemasi niliwaamini, nikamkalisha mwezi mzima bila kupiga. Alinyamaza tu. Aliyeshika nafasi yake naye akaonekana anakimbia. Ndipo nilikaa mwenyewe kwenye kinanda, nikabonyeza kidole kimoja. Kidole kilikwisha kufika chini, sauti bado inakuja.

Sauti ya kinanda cha namna hii ina sehemu nne:

Ataki ni muda wa sauti kupanda toka kimya mpaka nguvu yake yote. Dikei ni muda wa kushuka kidogo baada ya hapo. Sastaini ni nguvu inayobaki wakati kidole kingali chini. Rilisi ni muda wa sauti kuisha ukiondoa kidole.

Sisi tulichagua sauti ya violini nyingi, juu ni tamu. Lakini ataki yake ni ya polepole. Fanyeni hesabu: wimbo ukiwa na mapigo 120 kwa dakika, kila pigo ni nusu sekunde. Ataki ikichukua robo sekunde, sauti inajaa wakati nusu ya pigo imekwisha kupita. Kijana alishika mapigo. Kwaya ilingojea kinanda.

Namna ya kutengeneza:

1. Kwenye vinanda vingi namba zinaanza 0 mpaka 127, na 64 ni katikati. Kwa wimbo wa furaha, punguza ataki kidogo kidogo, ukisikiliza pamoja na ngoma. Kwa wimbo wa maombi inaweza kubaki ndefu.

2. Nota zikiingiliana, punguza rilisi. Punguza na mwangwi, zaidi ndani ya kanisa la mabati.

3. Filta ikifunguliwa sana, sauti inakuwa kali na kufunika maneno. Ifunge polepole mpaka mama aliyeketi nyuma asikie maneno ya wimbo. Usikimbilie kuongeza volimu.

4. Hifadhi kazi yako katika memori, tena andika namba katika daftari. Grupu ikizimika kwa kukosa mafuta, kisichohifadhiwa kinaweza kupotea.

Wandugu, Elisha alipoombwa neno la Bwana, kwanza aliomba aletewe mpiga kinanda. Basi kazi ya chombo ni kulitengenezea Neno njia, si kulifunika.

Yule kijana nilimwita mbele ya kwaya yote, nikamwomba msamaha. Alirudi kwenye ngoma siku ya Yenga iliyofuata. Mimi nilitafuta roho mbaya ndani ya mtu, kumbe kosa lilikuwa la chombo, na mikono yetu ndiyo iliyokipanga.

Maswali ya kujibu katika vikundi:
a) Ni sehemu gani ya sauti inayoweza kuchelewesha kwaya?
b) Je, kuna ndugu uliyemhukumu kabla ya kuchunguza? Utamwendea lini?

Bwana awabariki.