Mkeka na Kanga za Zamani: Chimbuko la Michoro Darasani

Walimu-wanafunzi wetu warudipo chuoni kutoka mazoezi ya kufundisha hutuletea mafungu ya karatasi zilizochorwa na watoto. Safari moja tulipokea fungu la darasa la sita kutoka shule mojawapo ya upande wa Kibiti. Watoto walikuwa wametakiwa kubuni pambo la kitambaa "la mtindo wa zamani". Zaidi ya nusu ya karatasi zilikuwa na waridi, moyo uliochomwa mshale, au alama ya viatu vya kigeni. Chache zilikuwa na magari marefu ya Marekani ya miaka ya 1950, ambayo mwalimu alikuwa ameyaonyesha katika simu yake. Hapakuwa na hata karatasi moja yenye pambo la mkeka, ingawa hatuna shaka kwamba wengi wa watoto wale waliamka asubuhi ile juu ya mkeka.

Watoto hatuwalaumu. Mwalimu alisema "zamani" bila kusema zamani ya nani, wala hakuweka mbele yao kitu cha kutazama. Siku hizi washonaji wa nguo na wachoraji wa mabango mijini wanapenda sana mitindo iliyopita, na si vibaya mtoto wa Rufiji akijua magari yale. Lakini kunakili umbo la kitu cha kale hakumfundishi mtu kubuni. Jambo linalofaa kuchukuliwa ni kanuni iliyozaa umbo lile: limefanywa kwa nini, kwa mkono gani, na kwa nini likawa hivyo na si vingine. Makala haya yanaeleza jinsi tulivyojaribu kulifundisha jambo hilo kwa vitu viwili vipatikanavyo karibu kila nyumba kutoka Bungu hadi vijiji vya delta, yaani mkeka na kanga.

Mkeka

Tulianza na mkeka kwa kuwa kanuni yake ni kali. Majani ya mkindu hukaushwa, huchanwa kuwa chane, na zile zinazotakiwa rangi huchemshwa. Mizizi ya mdaa ilitoa weusi, na magome ya mikoko yalitoa wekundu wa kahawia. Leo wasukaji wengi hununua rangi ya unga dukani, na ndiyo sababu mkeka mpya hung'aa kwa waridi, kijani na zambarau. Chane husukwa kuwa ukili, utepe mrefu usio mpana, kisha kili hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka mkeka utimie. Mtoto atazame mishono hiyo kwanza. Wengi wa wanafunzi wetu wa chuoni, watu wazima, walikuwa wamelalia mikeka maisha yao yote bila kutambua kwamba pambo walilodhani ni moja limeungwa kutokana na tepe nyingi, na kwamba ufundi mkubwa wa mshonaji ni kuzilinganisha tepe hizo ili pambo lisikatike.

Mwanafunzi wetu mmoja alichora ua la duara lenye majani matano, akalipeleka kwa bibi msukaji katika kijiji kilicho karibu na Ikwiriri. Baada ya shikamoo na maongezi alimwomba amsukie ukili wenye ua lile. Bibi aliitazama karatasi kwa muda, akasema, "Ua lako zuri, mwanangu, lakini chane haipindi hivyo. Chane hupinda kwenye ukingo tu." Akatwaa chane moja nyekundu na kumwonyesha: inaingia kwa mshazari, inapita juu na chini ya wenzake, inafika ukingoni, inakunjwa, inarudi kwa mshazari wa pili. Ndiyo sababu rangi katika ukili huenda kwa mapindi, na mapindi mawili yakikutana huzaa umbo la jicho lenye pembe nne. Ngazi zinapatikana, na vitone pia vinapatikana. Duara halipatikani.

Maneno yale tuliyaandika ubaoni yalivyo, yakawa msingi wa somo zima. Zoezi lililofuata lilikuwa hili. Kila mwanafunzi alipewa karatasi ya daftari la hesabu, akaigeuza ili miraba isimame juu ya pembe zake. Kila mraba ni mahali ambapo chane moja imepita juu ya nyingine. Akapiga mistari miwili ya ukingo, akaanza kutia rangi kwa sharti moja: rangi ikianza safari iendelee kwa mshazari mpaka ukingoni, irudi, isipotee njiani ila kwa kupita chini ya nyingine. Wengi walidhani sharti hilo litawafunga. Katika dakika ishirini chumba kilikuwa na mapambo ambayo sisi wenyewe hatukuwahi kuyaona, na kila moja lilikuwa ndugu wa mkeka.

Kisha tukawapa kazi ya uchoraji wa matangazo: waandike tangazo la mkutano wa wazazi kwa herufi zitiizo sharti lile lile. Herufi V, M na A ziliwajia upesi, maana ni mapindi tayari. O iligeuka kuwa jicho la pembe nne. S ilileta mabishano makubwa, na kikundi kimoja kiliitengeneza kwa ngazi tatu, ikasomeka. Tangazo lile lilibandikwa mlangoni. Mpita njia mmoja alituuliza ni nani ametuchorea mkeka ule. Hakutaja herufi kwanza, alitaja mkeka. Tulifurahi, ingawa ilitubidi kumsomea tarehe ya mkutano, na hilo nalo likawa somo: herufi za tarehe na saa ziachwe nyepesi kusomeka, pambo likae katika kichwa cha habari.

Kanga

Kanga ina historia ndefu zaidi katika maandishi, nasi mwalimu anayeifundisha tungependa aijue walau kwa ufupi. Katika karne ya 19 wanawake wa pwani walivaa zaidi merikani, kitambaa cheupe cha pamba kilichotoka Marekani, na kaniki iliyotiwa rangi ya nili. Leso zilizounganishwa, na vitambaa vilivyopigwa mihuri ya mbao, vilitangulia kanga tuijuayo, ambayo ilishika mizizi Unguja na Mombasa mwishoni mwa karne hiyo. Maneno yaliongezwa baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, na hapo awali yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, ambaye duka lake lilianza mwaka 1887 na ambaye kanga zake hujulikana kwa chapa ya "Mali ya Abdulla", hutajwa sana katika habari ya kuenea kwa desturi hiyo. Kwa miaka mingi kanga zilichapwa ng'ambo, India, Ulaya na Japani, mpaka viwanda vya kwetu viliposimama. Kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1968.

Darasani, hata hivyo, historia hii isitangulie kitambaa. Kanga itandazwe kwanza, na watoto wataje sehemu zake: pindo linalozunguka pande zote nne, mji ulio katikati, na jina, yaani maneno, yaliyokaa chini ya mji karibu na pindo. Waulizwe kwa nini maneno yako pale na si katikati kabisa. Hakuna atakayejibu mpaka msichana mmoja ajifunge ile kanga; hapo wote wataona kwamba maneno huangukia nyuma, mahali ambapo anayefuata njiani ataweza kuyasoma. Mpangilio wa kanga umetoka mwilini mwa mvaaji. Fundi cherehani anayekata kanga kuukuu ili ashone gauni asipolijua hili atalipeleka jina kwapani, nasi tumeyaona magauni ya namna hiyo, tena ya bei kubwa.

Pambo moja linastahili kipindi kizima. Ni lile umbo lililovimba upande mmoja na kupinda ncha upande wa pili, ambalo watoto wa Kibiti huliita korosho bila kusita, kwa kuwa mikorosho iko nyuma ya nyumba zao. India umbo hilo huhesabiwa kuwa embe. Lilikuwa katika shali za Kashmir, na katika karne ya 19 wafumaji wa mji wa Paisley, Uskochi, waliziiga shali hizo kwa wingi hata Waingereza wakaliita umbo lenyewe kwa jina la mji wao. Mkorosho nao si wa asili ya pwani hii; uliletwa na Wareno kutoka Brazil. Basi umbo la mgeni lilibatizwa jina la tunda la mgeni, na leo ni letu kiasi kwamba mtoto hushangaa kusikia kuna wanaoliita vingine. Mwalimu anayetaka kueleza namna pambo la kale linavyosafiri na kupata maana mpya hana haja ya mfano wa mbali.

Kuhusu umri wa kanga, wanafunzi hupenda sana kukisia. Tuwafundishe kutafuta ushahidi: jina la kiwanda au la mwenye duka lililochapwa pembeni, neno Tanganyika, ambalo katika kanga ya sherehe ya kitaifa huelekea kutangulia Muungano wa 1964, namna ya tahajia. Wasiamini rangi iliyofifia, kwani jua hufifisha kanga ya mwaka jana pia. Na wajihadhari, kwa kuwa viwanda huchapa upya mapambo ya kale. Kisutu, ile ya wekundu, weupe na weusi wanayovishwa maharusi, ni pambo la zamani sana, lakini kisutu iliyo mbele yako yaweza kuwa imetoka dukani juzi.

Kwa kazi ya mikono tulitumia mihuri ya muhogo. Kiazi mviringo ni ghali huku na muhogo upo. Ukatwe kipande kinene, na umbo lichongwe pembeni mwa ule uzi mgumu wa katikati, la sivyo kisu huteleza na muhuri hupasuka. Masizi yaliyokorogwa katika uji mwepesi wa muhogo hutoa weusi wa kutosha kwa karatasi. Kwa nguo hayafai. Kila mtoto achonge muhuri mmoja tu, wa pindo, na mji uachwe wazi mpaka kipindi cha mwisho; wakipewa mihuri mitatu kwa mara moja hujaza karatasi yote na mpangilio hupotea. Maneno watunge wenyewe.

Kuazima

Tunalazimika kueleza kosa lililotupata. Mwanafunzi wetu mmoja aliazima kanga kuukuu kwa bibi wa kijiji kimoja cha delta, ng'ambo ya Nyamisati. Aliipigilia ukutani kwa misumari minne, na watoto walipotaka kufuatisha korosho za pindo aliwaruhusu kuweka karatasi juu ya kitambaa na kukandamiza kalamu ya wino. Wino ulipenya. Kanga ile bibi aliolewa nayo. Tulikwenda pamoja na kijana yule kuomba radhi, tukiwa na doti mpya mkononi, na tuliona haya zaidi pale bibi alipoipokea kwa heshima na kuiweka kando bila kuifunua.

Tangu siku hiyo hatuazimi kitu ila kwa utaratibu. Kitu hutandazwa juu ya meza, hakipigiliwi. Kunakili ni kwa macho na kwa kuhesabu, kamwe si kwa kufuatisha juu yake. Hurudishwa siku ile ile, na ikiwezekana mwenyewe huja nacho shuleni, akaketi, akaulizwa. Katika daftari la somo huandikwa kitu kilikuwa cha nani, kilipatikana lini na wapi, na mwenyewe ametupa ruhusa gani; msukaji anayeishi kwa kuuza mikeka ana haki ya kukataa pambo lake lisichapwe kwenye fulana za kuuzwa mjini. Daftari hilo lina kazi nyingine pia. Mafuriko ya 1968 yaliwahamisha watu wengi wa bonde la Rufiji, na yale ya 2024 yaliingia tena katika nyumba na mashamba ya Rufiji na Kibiti. Nguo na mikeka iliyo katika masanduku ya vyumba vya chini huondoka na maji, na pambo ambalo darasa lililichora vizuri, kwa vipimo na hesabu ya chane, laweza kuwa nakala pekee iliyobaki kijijini.

Kijana yule aliomba arudi katika shule ile ile muhula uliofuata. Watoto walichora upya pindo la kanga iliyoharibika, safari hii kwa kutazama na kuhesabu, naye akalipeleka kwa bibi. Bibi aliishika karatasi mbali kidogo na macho, kama wafanyavyo wenye umri wake, kisha akasema korosho za upande wa juu zimegeuzwa: ncha zilitakiwa kutazama nje. Kijana alirudi nayo darasani, nao wakairekebisha.