Kifaranga Aliyevunjika Mguu

Kifaranga akikanyagwa na mbuzi akavunjika mguu, desturi ya watu wengi ni kumtupa. Lakini mfupa wake ni mchanga, nao huunga upesi. Mara nyingi majuma mawili au matatu yatosha, mradi mguu umenyoshwa na kufungwa vema kwa kijiti chembamba na kitambaa laini. Kitambaa kisikazwe mno, maana damu ikizuiwa mguu hufa. Yafaa utazamwe kila siku.

Baridi huua zaidi kuliko jeraha. Katika juma la kwanza kifaranga hutaka joto la digrii 32 hata 35 za Sentigredi, kisha lipunguzwe kidogo kidogo mpaka amee manyoya. Tena kuku waonapo damu huidonoa bila huruma, kwa hiyo mgonjwa atengwe katika sanduku lenye majani makavu. Akiwekwa juu ya karatasi inayoteleza, miguu itatanuka huku na huku, naye atapata kilema cha pili.

Sasa huja jambo ambalo wafugaji wachache hulifikiri. Kifaranga mchanga hujifunza kumfuata yeyote amwonaye akitembea mbele yake. Huko Uingereza Douglas Spalding alizieleza habari hizo mwaka 1873, na baadaye Konrad Lorenz wa Austria akazichunguza kwa mabata bukini. Mwaka 1973 alikuwa mmoja wa watu watatu waliopewa Tuzo ya Nobel pamoja. Ndiyo sababu kifaranga aliyelelewa jikoni humfuata mtoto mpaka kisimani, hupanda begani, na huja aitwapo. Hata baba aliyemkusudia kwa sikukuu husita kushika kisu.

Lakini jogoo huyo aanzapo kuwika, huweza kuwahesabu watu kuwa kuku wenzake, na jogoo hupigana na jogoo. Yule aliyekula mkononi humrukia mtoto, na macho ya mtoto mdogo hayako mbali na miiba ya miguu ya jogoo.

Basi tangu mwanzo apewe kifaranga mwenzake mmoja mpole, na sanduku liwekwe mahali atakapowaona na kuwasikia wengine. Akipona, arudishwe bandani usiku, kuku wakiwa wamelala. Hatasahau jikoni. Jioni moshi utokapo, atakuja akichechemea mpaka kizingitini, na kungoja punje zake.