Gemu linaanza vizuri, kisha linalegea

Mdogo wangu wa Kizota, ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, pale fundi alipokuambia ununue kadi kubwa zaidi ya grafiki kabla hata hajalifungua kasha. Mara ya pili nikaiona bei aliyokutajia, kicheko kikaisha. Usitoe hata shilingi kwanza. Jibu umeliandika mwenyewe kwenye mstari wa mwisho, ukalipita kama si kitu: gemu linakwenda vizuri robo saa, halafu linaanza kukwama, na ukicheza usiku wa manane hali inakuwa afadhali.

Kadi dhaifu haiangalii saa. Kama ile GTX 750 Ti ingekuwa imelemewa na GTA V, ingelemewa tangu dakika ya kwanza, mchana na usiku. Tena hao wawili ni rika moja: kadi ni ya 2014, gemu lilitoka kwa kompyuta 2015. Ukishusha ubora wa picha kidogo wanaelewana. Kinachosubiri robo saa ndipo kijitokeze, mdogo wangu, ni joto.

Prosesa yako, Core i5-4570, kasi yake ya kawaida ni 3.2 GHz, na ikipata nafasi hupanda hadi 3.6. Ikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi yenyewe isiungue. Haizimi wala haikuletei ujumbe wowote. Inaburuza miguu tu, kama kuli mwenye gunia la mahindi jua la saa nane. Wewe huku unaona fremu zimeshuka, unailaumu kadi.

Usiniamini kwa maneno. Washa gemu, cheza mpaka lianze kukwama, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Kwenye ukurasa wa prosesa kuna namba ya kasi. Ukiikuta imeporomoka chini sana ya 3.2 wakati gemu bado linaendelea, umemshika mwizi. Ukitaka nyuzi zenyewe, HWiNFO ni programu ya bure na inazionyesha.

Jaribio la pili halihitaji programu. Fungua ubavu wa kasha, chukua feni ya mezani, ielekeze ndani, ucheze saa nzima. Gemu likitulia, kesi imekwisha.

Sasa joto limetoka wapi? Wewe unakaa Kizota. Malori ya barabara ya Singida, maghala ya nafaka ya NFRA, na upepo wa kiangazi wa Dodoma unaopitisha vumbi hadi kwenye kabati lililofungwa. Nyumba ya bati isiyo na dari. Na umeniambia CPU iko sakafuni (kasha zima wote tunaliita CPU, hata mimi, ingawa mafundi wanatucheka). Sakafuni ndiko vumbi linakolala. Ipandishe mezani leo hii.

Kisha chomoa waya wa umeme, toa kasha nje, upige vumbi kwa brashi laini mpya ya rangi. Wakati wa kusafisha feni, shikilia mapanga yake kwa kidole yasizunguke ovyo. Na tafadhali, usiipeleke gereji ikapulizwe na kompresa ya matairi: presha yake ni kali mno na hutema maji.

Ukimaliza, tazama lile pozeo la duara juu ya prosesa. Hapa ndipo ninapokushuku wewe mwenyewe, maana umesema uliiunga kompyuta kwa mikono yako. Pozeo la Intel linalokuja na prosesa za namna hiyo hushikwa na pini nne za plastiki, na kila moja lazima ilie "ta!" inapoingia. Moja ikibaki nusu, pozeo linainama kiasi usichokiona kwa macho, na upande mmoja wa prosesa unakosa pa kutolea joto. Liguseguse taratibu. Likicheza, umepata ugonjwa. Ukilitoa, ile pesti ya kupitishia joto ya zamani iliyokauka ifute yote, uweke mpya kiasi cha punje ya dengu. Usiirudishie pesti iliyokwisha kukauka kwa kubana matumizi, wala usiipake kama siagi kwenye mkate.

Kabla hujafunga kasha, angalia nyuma waya wa skrini umechomekwa wapi. Mimi niliwahi kununua ram ya pili kwa hela ya sikukuu, nikaichomeka, gemu likabaki vilevile. Kumbe siku zote waya wangu ulikuwa kwenye tundu la mazabodi, si la kadi. Prosesa kama yako ina grafiki yake ndogo ya ndani, kwa hiyo picha inakuja kama kawaida na hushtuki, huku kadi uliyoinunua imekaa bure. Sikumwambia mtu kwa miezi.

Kama baada ya haya yote bado linakwama, fanya jambo moja: shusha rezolusheni ya gemu hadi 1280 kwa 720. Fremu zikipanda sana, kadi ndiyo iliyokuwa imeelemewa, na hapo fundi wako atakuwa na la kusema. Zikibaki palepale, kadi mpya haitakusaidia kitu. Tazama prosesa, au hiyo ram yako ya kijiti kimoja cha GB 8. Vijiti viwili vya 4 vinalisha prosesa haraka zaidi kuliko kimoja cha 8, na kubadilishana kwa wauza vifaa vya mtumba ni jambo la mazungumzo tu.

Pima saa nane mchana, pima tena saa sita usiku, uniandikie namba zote mbili. Na ile feni ya mezani, mrudishie mama kabla hajaiulizia.